Pacha Wangu Mwenye Pembe

Darasa la sita nimelisoma mara tatu. Nalijua kuliko baadhi ya walimu walionifundisha. Mpaka leo ukinishtua usingizini ukaniuliza kanuni ya eneo la pembetatu au kazi ya mizizi ya mmea, nitakujibu kabla sijafumbua jicho la pili. Mara ya kwanza nililisoma kwa sababu ndilo linalofuata la tano. Mara mbili zilizobaki nililisoma kwa sababu nilikuwa na mbio.

Shule yetu ilikuwa upande wa Nyambureti, wilaya ya Serengeti. Ilikuwa na madarasa ya matofali ya kuchoma na uwanja ulioinama upande mmoja, kiasi kwamba mpira ukiachwa peke yake ulijiendea wenyewe kwenye mihogo ya jirani. Nikiwa darasa la tano tuliletewa mwalimu wa michezo kutoka Tarime mjini. Alikuwa mwembamba, suruali yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza. Hatukuwahi kuona mtu anayevaa saa shingoni, tukamcheka wiki nzima.

Asubuhi ya kwanza alitupeleka mchakamchaka mpaka lambo la kunyweshea ng'ombe na kurudi. Yeye na wenzangu waliporudi wakanikuta nimeshafagia nusu ya darasa.

"Wewe, nani amekupakia pikipiki?" akaniuliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Basi hukufika lambo."

Nikamwonyesha miguu yangu. Tope la lambo letu ni la kijivu na halipatikani mahali pengine. Akanizungusha uwanja mara nne, mimi peke yangu, akabonyeza saa yake. Akaitazama, akaitikisa, akaiweka sikioni ingawa saa ya namna ile hailii. "Rudia," akasema. Niliporudia akaketi chini vumbini, na ile kaki yake, akabaki ananitazama.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama vile. Kwetu mtoto wa kike hutazamwa kuona kama maji yamejaa, kama kuni zinatosha, kama ndama wamefungwa. Mwalimu yule alinitazama mimi. Nilihisi joto likinipanda mpaka masikioni, na tangu siku hiyo ningekimbia mpaka Musoma kama angesema nikimbie.

Mbio zenyewe sikuzisomea. Nilianza shule nikiwa na miaka minane, nimechelewa, kwa sababu bibi alihitaji mtu wa kuwarudisha ndama, na ndama hawarudishwi kwa kubembelezwa. Ila kulikuwa na kitu kilichokuwa kikinitokea ambacho mpaka sasa nakishangaa. Baada ya mzunguko wa pili hivi, pumzi iliacha kupigana na mimi, ikaanza kunibeba. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa kama ya mtu mwingine. Nilitazama miguu ikipita chini yangu nikajiuliza ni ya nani.

Mwaka huo wa kwanza wa darasa la sita nilishinda kata, nikashinda wilaya pale Mugumu, na mkoani nikawa wa pili. Nilirudi na zawadi ya ndoo ya plastiki, na shule ikapata kombe, ikaliweka juu ya kabati la mwalimu mkuu ambapo kila mgeni lazima alione. Januari tukapangwa mstarini, yakasomwa majina ya wanaokwenda la saba. Langu halikusomwa.

Mwalimu wa michezo aliniita pembeni. "Hesabu zako zimeteleza," akasema kwa upole. "Utarudia, ujenge msingi. Mwaka mmoja si kitu."

Nilikuwa wa saba katika wanafunzi hamsini na kitu. Lakini mtoto akiambiwa na mwalimu kwamba ameteleza, anajipapasa kutafuta alipoumia. Nikarudia. Akaninunulia raba nyeupe, za kwangu mwenyewe, nikalala nazo kichwani. Januari iliyofuata jina langu halikusomwa tena, na safari hii hakutaja hesabu. Alisema tu, "Mwaka huu tunachukua mkoa."

Fomu za mashindano zilitaka mtoto asiyezidi miaka kumi na minne. Mwaka wa kwanza niliandikwa kumi na mitatu, na ndiyo ilikuwa kweli. Mwaka wa pili nikaandikwa kumi na mitatu. Mwaka wa tatu, sijui ili ipendeze, nikaandikwa kumi na miwili. Nadhani nilikuwa mtu pekee wilaya nzima anayekua kinyumenyume.

Sitasema nilionewa tu, maana nitakuwa mwongo. Nilipenda raba. Nilipenda jina langu likiitwa uwanjani. Na nilimpenda mwalimu yule kama mjomba, kwa kuwa alikuwa anakula muhogo mkavu mchana ili maziwa yake aninyweshe mimi. Kilichoniuma ni kuona wenzangu wakipita barabarani na sketi za sekondari, wakinisalimia kwa huruma. Na nyumbani mambo yalikuwa yanaiva.

Nyumbani nililelewa na bibi, mama yake baba. Mama alifariki sijaota meno, na baba alikuwa Nyamongo machimboni, akitafuta dhahabu ambayo nayo ilikuwa inamkwepa. Mwenye sauti pale nyumbani alikuwa baba mdogo. Mwaka ule wa tatu alisema waziwazi, sufuria ya ugali ikiwa katikati yetu: "Msichana wa umri huu bado yuko la sita na watoto. Shule imemkataa. Akibaki tena mwaka huu, Desemba watu wa Nyansurura wanakuja na ng'ombe wao." Nilijua watu aliowataja, nilimjua na mwanaume mwenyewe. Alikuwa na meno ya dhahabu mawili na wake wawili.

Bibi aliendelea kumega ugali.

Lazima nieleze kuhusu ng'ombe. Usiku niliozaliwa mimi, ng'ombe mmoja wa bibi alizaa ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe begani. Mama alikuwa mgonjwa, maziwa yamekataa kutoka. Bibi akakata shauri: chuchu mbili za ndama, chuchu mbili za mtoto. Tulikua hivyo, mimi na yule ndama, kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Bibi alimwita pacha wangu, na hakuwa anatania. Nikiugua, alikwenda kwanza zizini kumtazama yeye, akirudi alikuwa anajua kama nitapona. Wageni walicheka. Mimi nilikuwa naona ni jambo la kawaida, kila mtu ana pacha wa namna fulani.

Tulikuwa pia na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuliyekaa naye pale kwa bibi. Nilipoingia la sita kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa la nne. Mwaka huo wa tatu tukawa tunakaa dawati moja. Jioni moja tulikuwa tunafanya zoezi la hesabu sebuleni, bibi anapepeta ulezi. Hakujua kusoma, lakini alikuwa anatazama. Madaftari mawili, ukurasa mmoja, michoro ileile ya pembetatu. Akaweka ungo chini.

"Ndama akimfikia dada yake zizini," akasema, "ama dada anaumwa, ama kuna mtu anamwibia maziwa. Wewe unaumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Haya."

Asubuhi akajifunga kanga mbili, akanifuata shuleni. Alimkuta mwalimu wa michezo anachora mistari ya uwanja kwa majivu.

"Mwalimu, huyu mtoto anaumwa?"

"Haumwi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mtu anamnyang'anya chakula hapa?"

"Hapana, bibi. Ni mdogo tu bado. Ana miaka kumi na miwili. Tunamkomaza kwanza."

"Kumi na miwili?"

"Imeandikwa." Akaleta rejesta, akamwonyesha kwa kidole. Bibi akainama, akapatazama pale kidole kilipokuwa kwa muda mrefu, na heshima yote. Kisha akamshukuru, tukaondoka mpaka kwenye uzio, mimi nikijua kwamba miaka ile iliandikwa kwa makusudi. Niliogopa ataanza kufoka. Bibi yangu akifoka, kuku walikuwa wanahama.

Lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," akasema. "Watu waliosoma vile, na hawajui kuhesabu. Tutawasaidia."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Kwa bibi, mtu aliweza kudanganya juu ya mengi: mpaka wa shamba, pombe, mwanamke. Lakini umri hapana. Umri ulikuwa umesimama pale zizini kwa miguu minne, kila mtu anauona. Kwa hiyo kama mwalimu amesema kumi na miwili, basi amepotea, na aliyepotea huonyeshwa njia. Akaniuliza lini watakuja wakubwa wa mwalimu. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba mashindano ya kata yanafanyika palepale kwetu na afisa michezo wa wilaya atakuwepo.

"Wakubwa wakiwepo ndiyo vizuri," akasema.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa shule zote za kata. Chini ya turubai kulikuwa na meza, na nyuma yake afisa michezo, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya jua na sauti ya kutulia, anakagua fomu moja moja. Nilikuwa nimeshabandikwa namba kifuani. Nilikuwa najinyoosha misuli mwalimu akinong'ona, "Mzunguko wa kwanza usiwe na haraka," niliposikia kelele za mpira wa miguu upande wa pili zikikatika ghafla.

Ng'ombe alikuwa anavuka uwanja. Alikuwa mwekundu, baka jeupe begani, nundu imelala upande kwa uzee. Mbele yake alikuwa bibi na kamba, kanga mbili, miguuni buti za mvua za baba mdogo. Watoto walipasua njia. Walipita katikati ya mchezo, golikipa mmoja akasogea kando na kuwapisha kwa adabu kabisa. Wakaja moja kwa moja mpaka kwenye turubai.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu aliacha kunong'ona.

Afisa akasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa leo?"

"Ndiyo mimi."

"Nimeleta umri wa mtoto. Nimesikia mnahangaika nao."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akasogea, "Bibi, leo tuna ratiba ngumu, labda kesho..." Lakini afisa hakucheka. Alikuwa anazitazama pembe. Baadaye nilikuja kujua kuwa naye amekulia kwenye ng'ombe.

"Mwacheni aseme," akasema.

Bibi akamshika afisa mkono, akakichukua kidole chake, akakiweka kwenye ncha ya pembe ya kulia. Ng'ombe alisimama kimya, anacheua.

"Huku ni laini," bibi akaanza. "Ni ujana wake. Ni miaka minne hajazaa. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, akashuka, akatembea, akaanza kunijibu jeuri." Watu wakacheka tena. Akateremsha kidole mpaka kilipokutana na mviringo wa kwanza, kama uzi mnene uliovimba chini ya ngozi ya pembe. "Hii pete ya kwanza. Ng'ombe akizaa, pembe inaandika. Alizaa dume. Mwaka huo mtoto alianguka jikoni, kovu liko kwenye kiwiko."

Macho yote yakanigeukia. Nikajikuta nimegeuza kiwiko. Kovu lilikuwepo.

"Pete ya pili, jike. Baba yake akaenda Nyamongo. Hapa unaona nafasi pana? Hakuzaa. Jua lilikausha lambo. Pete ya tatu, meno ya mbele yamemtoka mtoto. Ya nne, nimempeleka darasa la kwanza. Mwalimu mkuu aliyekuwepo tulimletea maziwa ya uzao huo. Ya tano, tembo wamekula mahindi yetu yote, tumekula mihogo ya msaada. Hapa nafasi tena: wezi walikuja, tukamficha ng'ombe korongoni siku nne, mimba ikatoka. Ya sita, mtoto amepata surua, akapona. Hapa nafasi ya tatu, ugonjwa wa miguu na midomo."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Wavulana wa mpira walikuwa wamekuja wote, wamesimama na jasho lao. Mimi mwili ulikuwa unanisisimka kuanzia kisogoni. Nilikuwa nimelala hatua kumi kutoka kwa ng'ombe yule maisha yangu yote. Nilimkamua, nilimtoa kupe, nilimpiga fimbo akiingia shambani. Sikuwahi kujua kwamba nimeandikwa pale. Kila kitu changu, meno na kovu na surua, kilikuwa kimehifadhiwa juu ya kichwa cha mwenzangu, akikibeba kwenda malishoni na kurudi bila kusema.

"Pete ya saba," bibi akaendelea. "Mtoto ameingia darasa la sita. Pete ya nane, hii hapa karibu na manyoya. Mtoto darasa la sita." Akaachia pembe, akaweka kiganja kwenye tumbo la ng'ombe, ambalo lilikuwa limejaa. "Na huyu hapa anakuja. Mtoto darasa la sita."

Akamgeukia mwalimu, hana hasira hata chembe. "Ng'ombe ameendelea, mwalimu. Mtoto amesimama. Ndiyo nikasema pengine mahali fulani mmekosea kuhesabu. Miaka minne, pete nane, miaka mitatu aliyokosa. Jumlisha, mimi sijasoma."

Afisa alizihesabu tena mwenyewe, kidole kwa kidole, kuanzia juu. Kisha akaketi, akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa fomu yangu: kumi na tano. Juu yake palikuwa pameandikwa kumi na miwili. Alizitazama namba zote mbili.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Bibi anasema kweli?"

Mwalimu wangu alitazama majivu ya mistari aliyoichora mwenyewe. Angeweza kukana. Karatasi zilikuwa upande wake, na upande wa pili palikuwa na ng'ombe. "Ni kweli," akasema.

Afisa hakupiga kelele. Alisema hayo mengine yatazungumzwa ofisini. Akamwita mwalimu mkuu, akamuuliza kama majina ya mtihani wa la saba yameshafungwa. Hayajafungwa, akajibiwa. "Basi kesho asubuhi huyu akae la saba, na jina lake nilione." Kisha akanyoosha mkono, akanibandua namba kifuani, pini moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ili asinichome.

Nitasema ukweli. Kwa muda wa dakika nzima nilimchukia bibi. Desemba, watu wa Nyansurura, meno ya dhahabu, vyote vilikuwa vimeondoka njiani kwangu kwa kidole kimoja cha bibi, na mimi nililia kwa sababu ya mbio.

Wasichana wa mita elfu moja mia tano wakaitwa mstarini. Nikafuta macho, nikaenda mezani. "Mama, naomba nikimbie."

"Huhesabiwi."

"Najua."

Alinitazama, akamtazama ng'ombe. "Anzia nyuma yao," akasema. "Na usimguse mtu."

Nilivua raba. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka ziwe kitu cha jana. Wenzangu wakaondoka na filimbi, nami nikawaacha watangulie hatua tano, kisha nikaenda. Mzunguko wa kwanza nilikuwa bado nalia. Wa pili pumzi ikanibeba, na haikuwahi kunibeba vile kabla ya hapo wala baada ya hapo. Hakukuwa na kombe, hakukuwa na mkoa, hakukuwa na namba ya kuonyesha mimi ni nani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikimbia na yote kumi na mitano. Niliwapita mmoja mmoja kwa upande wa nje. Uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba nilisikia nyayo zangu, na nikakumbuka kushangaa: kumbe hivi ndivyo ninavyosikika.

Mwishoni walikuwa wamenyoosha kamba ya mshindi. Haikuwa yangu. Nikapinda, nikapita nje ya mtu aliyeishikilia, ili yule binti wa shule nyingine aliyekuwa nyuma yangu aikate kwa kifua chake. Niliposimama nikaona mwalimu ana saa mkononi. Alikuwa amebonyeza, kwa mazoea tu. Akaitazama. Hakuitikisa, hakuiweka sikioni. Alifunga kiganja juu yake, akageuka upande, na mabega yake yakaanza kucheza.

Bibi alikuwa hajawahi kuniona kwenye mashindano. Alikuwa ameniona nikifukuza ndama, na hiyo kila mtoto anafanya. Nilimkuta amesimama mdomo wazi, kamba imemtoka mkononi, na pacha wangu amekwenda zake kwenye mihogo ya jirani, anakula kwa amani. Bibi alinishika kifuani pale moyo ulipokuwa unadunda, akaacha mkono hapo mpaka ulipotulia. Kisha akamfuata mwalimu.

"Nisamehe, bibi," mwalimu akasema kabla hajaulizwa.

"Sasa nimeelewa," bibi akasema. "Hukukosea kuhesabu."

"Hapana. Sikukosea."

"Kwa kitu hiki, hata mimi ningetamani abaki hivi hivi kila mwaka." Akamtazama kwa muda. "Lakini ndama hafichwi zizini, mwalimu. Ataota pembe humo humo, na mlango utakuwa mdogo."

Desemba watu wa Nyansurura walikuja. Walikunywa chai, baba mdogo akawaambia mtoto amefaulu anakwenda sekondari, nao wakaondoka na ng'ombe wao. Mwalimu alikuwa ameshahamishwa. Kabla hajaondoka alimpa binamu yangu kikaratasi aniletee, kimekunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na dakika na sekunde za siku ile, basi, hakuna salamu. Sekondari nilikimbia tena, nikawa wa pili, wa tatu, wa tano. Wengine walikuwa wamekua, na wengine walikuwa na mbio kuliko mimi. Sikuwa bingwa wa nchi. Lakini muda ule wa kwenye kikaratasi sikuwahi kuufikia tena.

Sasa nafundisha upande wa Morotonga, jirani na Mugumu. Darasa langu ni la sita, na Mungu naye ana utani wake. Pacha wangu alikufa kwa uzee, na bibi, kabla naye hajamfuata, alinikatia pembe ya kulia. Ina pete kumi na mbili. Iko mezani kwangu, na ndani ya uwazi wake nimekichomeka kile kikaratasi.

Mwaka jana alikuja darasani kwangu binti mmoja anayetembea kama ana usingizi. Siku ya michezo nikampima kwa simu, uwanja mara nne. Nikaitazama simu, nikaitikisa. Nikamwambia rudia. Aliporudia nilijikuta nimekaa chini vumbini, na gauni langu la kazini, nywele zimenisimama. Nilikuwa sijaona kitu kile kwa macho. Mara ya kwanza nilikuwa ndani yake, sikuweza kukiona.

Januari, wakati wa kuandika orodha ya wanaokwenda la saba, mwalimu mwenzangu aliinama begani kwangu. "Huyu tungembakiza mwaka mmoja tu," akasema. "Mmoja si kitu." Nilimkasirikia sana, nikamfokea mpaka akatoka. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kwa sauti kitu ambacho mimi nilikuwa nimekifikiria tangu asubuhi, kalamu ikiwa imesimama juu ya jina la yule mtoto.

Nikavuta pembe. Nikashuka kwa kidole, pete kwa pete, mpaka ya saba na ya nane. Kati yake hakuna nafasi. Ng'ombe hakupumzika mwaka ule. Nikaandika jina la binti kwenye orodha ya la saba, na sitadanganya, iliniuma.

Kesho yake nilisoma majina mstarini. Aliposikia lake alitoka mbio kwenda kwenye mstari wa la saba. Zilikuwa hatua kumi tu, na nilizitazama zote.